Dola 192.50 kwa paa linalovuja: kisa cha mkaguzi wa nyumba New Jersey

Nusu ya dola 385 ni dola 192 na senti 50. Mtoto wa darasa la nne anaipiga hesabu hiyo kichwani. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, hesabu hiyohiyo ilipanda hadi mahakama ya rufaa, na mwaka 2004 ikazaa uamuzi ambao mpaka leo wanasheria wa majimbo mengine huutaja katika kesi za wakaguzi wa nyumba.

Walikuwa mke na mume, vijana, hawajawahi kununua nyumba. Waliipata moja kusini mwa jimbo kwa dola 128,500. Kabla ya kukamilisha ununuzi wakamwita mkaguzi wa nyumba, kama ilivyo desturi huko, kwa ada ya dola 385. Mkaguzi akapita, akaandika ripoti, wenyewe wakalipa, wakahamia. Haukupita muda mrefu maji yakaanza kuingia ndani kupitia paa. Fundi waliyemwita akapanda juu, akashuka na jibu: mabati ya kuzuia maji kwenye maungio ya paa hayakuwekwa inavyotakiwa, na kulitengeneza ni kati ya dola 8,000 na 10,000. Wakashtaki. Walimshtaki mkaguzi, kampuni yake, na pia waliowauzia nyumba.

Mkaguzi hakuanza kwa kubishana kuhusu paa. Alitoa karatasi yenye sahihi ya mteja wake. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachosema kwamba likitokea lolote, kampuni itawajibika kwa dola 500 au nusu ya ada iliyolipwa, chochote kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hapo ndipo dola 192.50 ilipotoka.

Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu nyumbani kwetu kazi hii haipo kwa sura hii. Mtu wa Dar au Mombasa akinunua nyumba, kinachomnyima usingizi ni hati: je, kiwanja ni cha huyu anayeuza, mipaka iko wapi, kuna ndugu atakayeibuka baadaye na wosia? Kuhusu nyumba yenyewe, ataenda na fundi anayemwamini, au mjomba aliyewahi kujenga, watagongagonga ukuta na kuangalia nyufa, basi. Marekani suala la hati lina watu wake na bima yake. Kinachomtisha mnunuzi ni hali ya jengo, maana nyumba nyingi zinazouzwa zina umri wa mnunuzi au zaidi, na zimepita mikononi mwa wenye nyumba kadhaa ambao kila mmoja alikuwa na fundi wake wa Jumamosi.

Watu wetu waliohamia huko huchanganya watu watatu. Wa kwanza ni mthamini, anayetumwa na benki kujua kama nyumba inafikia thamani ya mkopo. Huyo anatumikia benki. Wa pili ni mkaguzi wa halmashauri, anayetazama vibali na kanuni za ujenzi. Huyo anatumikia mji. Wa tatu ndiye huyu wa kwetu leo, anayelipwa na mnunuzi kutoka mfukoni mwake. Anakaa pale saa mbili au tatu, anatazama paa, msingi, mabomba, umeme, mtambo wa kupasha joto, darini, halafu anaandika. Havunji ukuta wala hahamishi kabati. Anaandika kile kinachoonekana siku hiyo. Ripoti yake ikitoka, mnunuzi anaweza kuomba punguzo, kudai matengenezo, au kujitoa na kurudishiwa arubuni yake ikiwa mkataba wa ununuzi unaruhusu. Baada ya hapo mlango umefungwa. Nyumba ni yako, na paa lake ni lako.

Sasa, hayo mabati. Nimewahi kusimama chini ya ngazi nikimtazama fundi wa paa akiyabandua, na ndipo nilipoelewa kwa nini kosa lake ni dogo machoni na kubwa mfukoni. Paa la kawaida la kule limeezekwa vigae vyembamba vya lami vinavyopandana kama magamba ya samaki. Maji yakishuka juu ya magamba hayana shida. Shida ni pale paa linapokutana na kitu kilichosimama: bomba la moshi, ukuta wa ghorofa ya juu, dirisha la darini. Hapo fundi anatakiwa kukunja vipande vya bati vyenye umbo la herufi L, upande mmoja ulale chini ya kigae, upande mwingine upandishwe ukutani, kipande baada ya kipande, kila cha juu kikikilalia cha chini. Fundi mvivu hapindi chochote. Anapaka lami nyeusi kwenye pembe, anaondoka. Lami hiyo inaonekana imara mwaka wa kwanza. Jua likiichoma na baridi ikiikunja, inapasuka ufa mwembamba kama unywele, na maji hayahitaji zaidi ya hapo.

Mkaguzi aliyezoea akiona lami imemwagwa kwenye pembe ya bomba la moshi hushtuka. Atasogea na darubini, ataingia darini na tochi kutafuta doa la kahawia kwenye mbao chini ya pembe ileile. Asiyezoea ataandika kwamba paa liko katika hali inayoridhisha. Lakini pia, na hili lazima lisemwe kwa haki, mara nyingine mabati hayo yamefunikwa na vigae na ukuta kiasi kwamba hata mjuzi haoni kitu bila kubandua, na kubandua si kazi yake.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mpaka rufaa inaamuliwa, hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba mkaguzi yule alizembea. Swali lililopanda juu lilikuwa limetangulia hilo: hata kama alizembea, je, karatasi ile inamkinga?

Mume alieleza jinsi karatasi ilivyosainiwa. Aliipokea kutoka kwa mkaguzi siku ya ukaguzi, fomu iliyochapwa tayari. Akaanza kuisoma mbele yake. Akamwambia kwamba baadhi ya maneno anaona si ya haki na hayaeleweki. Kwa maelezo yake, mkaguzi alimjibu kwamba habadilishi kitu, kwamba huo ni mkataba wa kawaida unaotumika katika ukaguzi wa nyumba New Jersey, na kwamba ama anausaini ulivyo ama asisaini kabisa. Akasaini.

Anayejua mazingira ya ununuzi wa nyumba hatamlaumu. Umeshatoa arubuni, siku za ukaguzi zilizotajwa kwenye mkataba wa ununuzi zinahesabika, dalali anapiga simu, umeomba ruhusa kazini asubuhi hiyo moja tu. Ukimfukuza mkaguzi aliyesimama mlangoni na ngazi yake, wa pili utampata lini? Na huyo wa pili naye atakuja na fomu ya namna gani? Kinachonishangaza ni kwamba katika New Jersey hiyohiyo, mkataba wa kununua nyumba ulioandaliwa na dalali humpa mnunuzi siku 3 za kazi kuupeleka kwa mwanasheria wake. Siku 3 kwa mkataba mkubwa. Mkataba mdogo, unaoamua kama mkubwa ulikuwa na maana, unasainiwa juu ya kaunta ya jikoni huku mtu kashika funguo.

Mahakama ya chini ilimpa ushindi mkaguzi katika hoja hii. Ilisema kifungu ni halali, ulisaini, basi. Mantiki yake si ya kijinga: watu wazima wawili wameandikiana, na mahakama haipaswi kuwa mama yao. Wanandoa wakakata rufaa.

Mahakama ya rufaa ilikiangusha kifungu, na sababu zake zinafaa kutazamwa moja moja, kwa sababu hazina uzito sawa.

Ya kwanza ilikuwa namna mkataba ulivyofungwa. Ni mkataba wa kubali au acha, umechapwa na upande mmoja, na upande wa pili ni mlaji wa kawaida asiye na nguvu ya kujadili wala ujuzi wa kupima anachokiacha. Ni kweli, lakini peke yake hoja hii ni nyepesi. Mikataba karibu yote ya maisha yetu iko hivyo, kuanzia laini ya simu hadi tiketi ya basi, na hatuifuti yote.

Ya pili ilikuwa ukubwa wa kikomo. Hapa mahakama iliweka hasara inayoweza kutokea mtu anaponunua nyumba upande mmoja, na dola 192.50 upande wa pili, ikaona kwamba kiasi hicho ni kidogo mno hivi kwamba kwa vitendo mkaguzi hawajibiki kwa chochote. Akizembea, anachopoteza ni nusu ya malipo ya asubuhi moja. Nusu nyingine anabaki nayo. Mtu kama huyo ana sababu gani ya kupanda ngazi?

Hapa napenda kuweka kisa kingine pembeni. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia ukanda huo huo wa nchi iliwahi kukikubali kifungu cha kuweka kikomo, katika mgogoro wa kampuni moja na wasanifu majengo wake wa Pennsylvania. Kikomo kilikuwa dola 50,000 na ada ya wasanifu ilikuwa kama dola 7,000. Yaani aliyekosea angelipa mara saba ya alichopokea. Hilo linauma. Na waliosaini walikuwa wafanyabiashara kwa wafanyabiashara. Ukiyaweka mawili hayo pamoja unaona kwamba tatizo la New Jersey halikuwa kikomo kama kikomo. Mkaguzi anayelipwa dola 385 hawezi kubeba hatari yote ya nyumba ya dola 128,500. Akilazimishwa kuibeba, ama atapandisha ada hadi wanyonge washindwe kumwita, ama atajaza ripoti yake tahadhari kurasa hamsini mpaka isisomeke. Nawaelewa wakaguzi wanaposema hivyo. Ila kati ya kubeba yote na kubeba nusu ya ada kuna uwanja mpana sana, na fomu ile ilijibanza kwenye kona yake ya mwisho kabisa.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Mahakama ilifungua sheria ya leseni.

New Jersey ilipitisha sheria ya kuwapa leseni wakaguzi wa nyumba mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukaguzi ukawekewa kamati yake chini ya bodi ya jimbo ya wahandisi na wapima ardhi. Anayetaka leseni lazima afaulu mtihani, apitie mafunzo, na awe na bima ya makosa ya kitaaluma isiyopungua dola 500,000 kwa tukio. Kanuni zinaorodhesha anachopaswa kukagua na kukieleza, mabati ya maungio ya paa yakiwamo. Sasa mahakama ikauliza kwa namna yake: jimbo limemlazimisha mkaguzi kulipia bima ya nusu milioni kila mwaka, kwa ajili ya nani? Ikiwa fomu ya ukurasa mmoja inaweza kupunguza deni lake lote hadi dola 192.50, basi bima ile haitaguswa kamwe. Bunge lingekuwa limeandika sheria ya kumlinda mnunuzi, na mkaguzi akaifuta kwa kalamu ya mteja mwenyewe. Kifungu kikaonekana kinapingana na maslahi ya umma, na kesi ikafunguliwa njia ya kuendelea.

Watu wakisikia neno leseni huwaza mtihani. Kuhusu mtihani hakuna mengi ya kusema. Ule wa kitaifa unaotumiwa na majimbo mengi, New Jersey likiwamo, una maswali 200 ya kuchagua jibu kwa saa 4, na 25 kati yake ni ya majaribio hayahesabiwi. Unakuuliza bati la maungio linawekwaje. Haukuonyeshi pembe yenye lami asubuhi ya Februari ukiwa na miwani yenye ukungu. Ndiyo maana New Jersey iliongeza sharti la masomo yasiyopungua saa 180, ambamo angalau saa 40 ni za kwenda kwenye nyumba halisi na mkaguzi mwenye leseni, bila malipo. Saa 40 ni nyumba kumi na sita, ukipiga saa mbili na nusu kwa kila moja. Kwa mtu anayeanza biashara si haba. Kwa mtu atakayekuambia kama utumie akiba yako ya miaka kumi, ni kidogo. Fundi wetu mwanafunzi pale mtaa wa Gerezani, Dar, hushika spana za bosi muda mrefu zaidi ya huo kabla hajaachiwa injini.

Lakini ukiangalia kesi hii vizuri, kipimo cha ujuzi hakikuwa ndicho kilichowaokoa wanandoa wale. Kilichofanya kazi ni bima iliyoambatanishwa na leseni. Bila sharti lile la dola 500,000, hoja ya maslahi ya umma ingepoteza mguu wake mmoja mzuri.

Ushahidi wa hilo uko majimbo mengine. South Carolina nayo inawapa leseni wakaguzi wa nyumba. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ililetewa kifungu kilekile kwa mavazi mengine: kikomo ni kurudisha ada tu, dola 475. Mahakama ikakipitisha, kwa hoja kwamba bunge la jimbo halijakataza vifungu vya namna hiyo na si kazi ya majaji kukataza badala yake. Leseni ipo ukutani, na mnunuzi kabaki na dola zake 475. Kisha tazama California, ambako mpaka leo hakuna leseni ya mkaguzi wa nyumba. Yeyote anaweza kununua tochi na ngazi akaanza. Hata hivyo sheria ya California inasema waziwazi kwamba kifungu cha mkataba kinachoweka kikomo cha wajibu wa mkaguzi kwenye gharama ya ripoti ni batili, na inamkataza pia kutengeneza kwa malipo nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12 iliyopita. Jimbo lisilo na leseni limemlinda mnunuzi kwenye jambo hili kuliko jimbo lenye leseni.

Kwa hiyo mtu akiniambia mkaguzi wake ana leseni, namuuliza swali la pili: leseni hiyo imefungwa na nini? New Jersey ilifungwa na bima. Wisconsin iliandika katazo la vifungu hivyo kwenye sheria yenyewe ya wakaguzi, haikusubiri jaji. Kwingine leseni ni jina kwenye orodha na ada ya mwaka.

Jambo moja dogo katika kanuni za New Jersey linanifurahisha kuliko yote, pengine kwa sababu ni la kawaida mno. Zinamtaka mkaguzi ampe mteja mkataba wa ukaguzi si zaidi ya siku moja ya kazi baada ya miadi kupangwa, na usainiwe kabla ukaguzi haujaanza. Ukipanga miadi siku chache mbele, usiku mmoja au miwili ya kuusoma mezani kwako, huku chai inapoa, unaipata. Unaweza kumpigia mtu. Unaweza kumpata mkaguzi mwingine.

Mwaka juzi shemeji yangu alikuwa ananunua nyumba kaskazini mwa jimbo hilo. Alinipigia usiku, sauti ya mtu aliyechoka.

"Shem, fomu ya mkaguzi imekuja. Kurasa saba. Nisaini tu?"

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza. Jina langu wameandika vizuri."

Tukaisoma kwa simu, yeye akinisomea, mimi nikimsimamisha. Kikomo kilikuwepo, ila hakikuwa nusu ya ada. Nikamwambia aombe cheti cha bima na ajaze namba ya leseni kwenye tovuti ya jimbo aone kama iko hai. Cheti kikaja asubuhi yake bila maneno. Siku ya ukaguzi akamfuata yule bwana chumba kwa chumba kama kivuli, na ripoti ilipotoka alienda moja kwa moja kwenye ukurasa wa paa. Paliandikwa kwamba paa limeangaliwa kutoka ardhini kwa darubini kwa sababu ya barafu.

Shemeji akaomba arudi barafu ikiyeyuka. Mkaguzi alirudi Alhamisi na ngazi, akapanda, akakaa kando ya bomba la moshi dakika kama ishirini akipapasa mabati kwa vidole. Akashuka. Hakukuta kitu. Shemeji alinung'unikia nusu siku ya kazi aliyoipoteza, akasaini karatasi za ununuzi.